Lori Lililonunuliwa Kama Lilivyo

Mtu anunuapo chombo kikuukuu kwa bei nafuu, naye ameambiwa waziwazi ya kwamba chombo hicho hakina dhamana yo yote, je, hatari ya chombo hicho ni juu ya nani? Wengi watajibu upesi: Ni juu yake aliyenunua, maana alikubali mwenyewe. Nasi hapo kwanza tulijibu vivyo hivyo. Lakini tulipokwisha kulitazama jambo hili kwa utulivu, tuliona ya kwamba jibu hilo ni nusu ya kweli tu, na ile nusu iliyoachwa yaweza kumwua mtu ambaye hata mnadani hakuwapo.

Na tuchukue mfano wa nchi ya Marekani, kwa kuwa huko jambo hili ni la kawaida. Jeshi la nchi ile likiisha kuyatumia magari yake huyatoa, na raia huyanunua kwa mnada. Katika hayo yamo malori yaitwayo M35, ambayo kampuni ya REO ilianza kuyaunda yapata mwaka 1950, nayo yalitumika jeshini zaidi ya miaka arobaini. Yalihesabiwa kuchukua tani mbili na nusu mahali pasipo barabara, na kwa hiyo watu wa huko huyaita kwa hesabu hiyo. Yana magurudumu kumi, mawili mbele na manane nyuma, na lori lenyewe likiwa tupu lina uzito wa tani sita hivi. Mengi yana injini iwezayo kula mafuta ya namna nyingi, dizeli na mafuta ya taa, na hata petroli ikiwa hapana budi. Si ajabu basi kama mkulima alitazamapo lori la namna hii macho yake humeta: chuma kinene, nguvu nyingi, bei ndogo.

Lakini katika karatasi ya mnada yameandikwa maneno machache: kama lilivyo, pale lilipo. Maana yake ni kwamba muuzaji hasemi lori ni zima wala hasemi ni bovu, na ni juu ya mnunuzi kuja kuliondoa uwanjani kabla ya siku zilizowekwa kupita. Basi mtu wetu ana lori, ana hati ya serikali ya kumwezesha kuliandikisha, na nyumbani kwake ni maili elfu moja. Njia ziko mbili. Aweza kukodi gari kubwa la kubebea mashine, limpakie na kumfikishia mpaka mlangoni, na pengine ujira wake utakaribia bei ya lori lenyewe. Au aweza kupanda, akaliwasha, akaenda zake. Twakiri ya kwamba njia hii ya pili ina utamu wake. Ni nani asiyependa kuonekana na jirani zake akiingia nyumbani juu ya kitu kama hicho?

Tuseme amechagua kuliendesha. Yampasa atazame nini?

Atazame matairi kwanza, maana tairi la lori la jeshi hudanganya. Lori likikaa juani miaka mingi, meno ya matairi hubaki marefu kama mapya, hali mpira wenyewe umezeeka na kuanza kupasuka ubavuni. Asihesabu meno, bali asome tarakimu. Matairi yaliyotengenezwa kwa barabara za Marekani tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne mwisho wa alama yake, mbili za juma na mbili za mwaka, hata 2308 ni juma la 23 la mwaka 2008. Kisha afikiri habari za tangi. Uchafu uliolala chini ya mafuta hautaonekana injini inapounguruma pale uwanjani. Barabara ndiyo itakayoutikisa na kuupeleka kwenye vichujio, basi achukue vichujio vingine vya kubadili. Betri ni mbili, zikiunganishwa hutoa volti 24, nayo motakaa ya kawaida yenye volti 12 haiwezi kumsaidia vema akikwama. Na nati za magurudumu ya upande wa kushoto hufunguliwa kinyume cha desturi. Asiyelijua hilo hukata bolti yake gizani, kando ya njia, huku akidhani ameshikwa na kutu.

Hayo yote, hata hivyo, ni madogo. Tairi likipasuka au mafuta yakiziba, mara nyingi atakayepata taabu ni dereva mwenyewe. Breki si hivyo.

Katika mengi ya malori haya, hasa yale ya zamani, breki za magurudumu yote hutegemea pampu moja na mfereji mmoja wa mafuta ya breki. Upepo uliokandamizwa huongeza nguvu za mguu wa dereva, lakini mafuta ndiyo yanayosukuma. Motakaa za siku hizi zina njia mbili, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Hapa hakuna ya pili. Mpira mmoja wa kupitishia mafuta ukipasuka kwenye gurudumu lo lote, mguu wa dereva huzama mpaka chini, na tani sita za chuma huendelea na safari yake. Breki ya mkono ipo, lakini hiyo hushika mhimili ule upelekao nguvu magurudumuni, nayo ni ya kulizuia lori lililokwisha kusimama, wala si ya kulisimamisha lishukapo mlima.

Kwa hiyo yapasa kufungua magurudumu, kuvua ngoma za breki, kutazama kama ndani kuna unyevu, kubadili mipira ile yote iliyozeeka, na kumwaga mafuta ya breki na kutia mapya ya namna ile ile. Ni kazi chafu ya siku mbili au tatu. Na hapa ndipo majaribu yanapoingia, tena yanaingia kwa sauti ya upole sana. Mtu hukanyaga breki mara moja pale uwanjani, lori linasimama, naye husema moyoni: Mbona zinashika? Nikifungua nitaona mambo. Nisipofungua sijui neno, na asiyejua hana hatia.

Neno hili, Asiyejua hana hatia, twataka kulipima. Kwa juu juu laonekana kuwa na msaada katika torati. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo amri ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe hata akafa. Ikiwa mwenyewe hakuwa na habari ya ukali wa mnyama wake, mnyama hupigwa kwa mawe na mwenyewe huachiliwa. Lakini ikiwa aliambiwa zamani, naye asimfunge, hatia inamwangukia yeye pia, na adhabu yake ni nzito sana. Basi mnunuzi wetu aweza kujitia katika fungu la kwanza: Mimi sikuambiwa kitu.

Sisi twasema aliambiwa. Maneno yale ya mnada, kama lilivyo, ndiyo maonyo yenyewe. Muuzaji alimwambia kwa maandishi, Siwezi kukushuhudia ya kwamba kitu hiki ni kizima. Mtu akiisha kutia sahihi yake chini ya maneno hayo, hawezi tena kusema ya kwamba hakuwa na habari. Alilolipata kwa bei nafuu ni mashaka, na mashaka yale sasa ni mali yake pamoja na lori. Kukataa kuvua ngoma ya breki si kutojua. Ni kujua kuna mlango, na kuogopa kuufungua.

Tena tuangalie maonyo yale yalikuwa kati ya nani na nani. Yalikuwa kati ya muuzaji na mnunuzi, wawili tu. Yule mama anayevuka njia pamoja na watoto wake katika mji mdogo ulio chini ya mlima hakutia sahihi. Wala hakupata sehemu ya ile bei nafuu. Mnunuzi aliweza kusamehe haki yake mwenyewe, akasema, Nikifa nimejitakia. Lakini haki ya mama yule hakuwa nayo mkononi ili aisamehe. Musa aliagiza ya kwamba mtu ajengapo nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hakusema ajenge ukuta kama anao uwezo, au kama yeye mwenyewe ana kizunguzungu.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunayo kumbukumbu yetu ya masalio ya vita. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilipoanza kazi kubwa ya kulima karanga Kongwa, mashine mpya hazikupatikana kwa wingi, wakanunua matrekta yaliyoachwa na jeshi la Marekani katika visiwa vya Philippines, na mengi yalifika yakiwa mabovu. Kazi ile yote iliachwa mwaka 1951. Waliokuwa na haraka hawakuwa wao waliobaki na hasara.

Wapo ndugu watakaotuambia, Ninyi mnamfundisha mtu kutumainia spana kuliko Mungu. Mtu na aombe, aende. Tunawaheshimu, lakini twamkumbuka Nehemia, aliyeomba pamoja na watu wake, kisha akaweka walinzi mchana na usiku kwa ajili ya adui wale wale aliowaombea kinga. Wala hatujasoma ya kwamba mtu alimlaumu kwa kukosa imani. Sala ya mtu aliyekwepa kufungua gurudumu yaonekana kwetu kama kumwomba Mungu amtunzie siri.

Neno gumu zaidi ni lile la mtu maskini. Atasema, Fedha zangu zote zimekwisha katika lori hili. Ujira wa kulibeba sina, wala siku tatu za kukaa hapa sina, maana kazini nisipofika nitafukuzwa, na siku za uwanja zinakwisha kesho. Huyu hatumcheki. Twamwambia ya kwamba hesabu ya ujira na ya siku zile ilipasa kufanywa kabla ya kupaza sauti mnadani, nayo ni sehemu ya bei. Na kama hakuifanya, basi alipe faini ya uwanja, au aliuze papo hapo kwa hasara, arudi kwao kwa basi, na jirani wamcheke. Aibu ile ni kubwa, twajua. Hatujui njia ya kuihamisha iende kwa mwingine.

Lakini ikiwa amefungua, amebadili, ametengeneza na kukanyaga tena na tena hata ameridhika, basi aende, wala asifuatane na mwendo wa wengine. Lori hili mwisho wake ni kama maili 56 kwa saa, na dereva mwenye akili hulipeleka chini ya hapo, tena kwa njia ndogo, si ile njia kuu ambako motakaa zitamjia nyuma kwa maili 70. Maili kumi za kwanza zikiisha, asimame mahali pa wazi, ashuke, aweke mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu, moja baada ya moja. Yakiwa na joto sawasawa, aendelee, na baada ya muda asimame afanye hivyo tena. Likiwamo moja lenye moto kuliko mengine, breki yake inashika pasipo kuagizwa au gololi zake zimekauka grisi. Azime injini papo hapo, ijapokuwa zimebaki maili 990, atafute simu ya mwenye gari la kubebea.