Tumeacha Bia, Mbona Tunanenepa?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Swahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, haya ni maneno ya darsa niliyoitoa baada ya Alasiri huko Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, kwenye ufukwe wa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Mjomba wangu ana duka huko, na kila likizo ndefu hupanda basi kupitia Nakonde, Kasama na Mansa kwenda kumsaidia. Waislamu tulio hapo ni wachache. Huswali katika chumba cha nyuma ya duka, wenyeji wawili watatu, wafanyabiashara kutoka kwetu, na ndugu wa kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, wanaozungumza Kiswahili chao kitamu cha Katanga. Asidhani mtu kwamba Uislamu ulifika huko jana. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara Muislamu aliyekuwa hapo tayari kwa miaka mingi.

Darsa yenyewe sikuwa nimeiandaa. Ililetwa na lawama.

Kuna kaka mmoja, mzaliwa wa Pweto, anayebeba magunia ya chisense kutoka mitumbwini hadi kwenye malori. Chisense ni samaki wadogo kama dagaa wetu. Mimi namwita yaya, kama wanavyomwita kaka mkubwa huko, naye huniita mwalimu ingawa amenizidi miaka kumi. Mwaka juzi alikuwa mnywaji. Nilimnasihi, na katika kumnasihi nikaongeza la kwangu: nikamwambia akiacha bia kitambi kitaondoka. Akaacha, alhamdulillah. Safari hii nilipofika, hata salamu hazijaisha, akanivuta pembeni akafunua shati.

"Mwalimu, ulinidanganya. Ulisema nikiacha bia tumbo itaisha. Ona."

Ameongezeka kilo 9 kwa mwaka mmoja na nusu. Wenzake wa bandarini wanamcheka, wanamwambia bia ndiyo iliyokuwa inamkausha, arudi. Na yeye mwenyewe, aliniambia kwa sauti ya chini, ameanza kulifikiria hilo.

Ndugu zangu, nilisikia aibu. Nilikuwa nimeitundika toba ya mtu kwenye mizani ya kupimia samaki. Mizani ilipokwenda upande mwingine, toba ikataka kuanguka nayo. Nasi vyuoni tunafanya hivyo hivyo. Tazameni mabango yetu ya wiki ya daawa: acha pombe upungue, acha pombe ung'ae uso, acha pombe utunze fedha. Yote yanaweza kuwa kweli kwa mtu fulani, na kwa mwingine yasiwe kweli.

Turudi kwenye Kitabu. Katika Suratul Baqara aya ya 219, Allah (S.W.) alipotaja pombe na kamari hakukana kwamba zina manufaa kwa watu, Alisema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Na katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, Alipoamrisha tuiepuke, sababu Alizozitaja ni uadui na chuki ambazo shetani huzitia baina yetu, na kuzuiwa kumkumbuka Allah na kuswali. Unene haukutajwa. Kwa hiyo hata ingethibiti kesho kwamba bia inapunguza mwili, hukumu yake isingesogea hata shubiri moja. Hili nililisema kwanza, kabla ya hesabu yoyote, na nikamwomba radhi yule ndugu mbele ya watu.

Hapo mzee mmoja akauliza swali ambalo nadhani wengi wenu mnalo: basi hizi bia zisizo na kilevi, na hii munkoyo yetu, zina hukumu gani?

Tuangalie Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akijibu. Abu Musa alipotumwa Yemen aliuliza kuhusu vinywaji viwili vya huko, kimoja cha asali na kimoja cha shayiri. Kila kimoja kilikuwa na jina lake. Jibu alilopewa halikushika jina wala nafaka. Lilikuwa kwamba kila kinacholevya ni haramu. Na Daylam al-Himyari, kama ilivyopokewa na Abu Dawud, alieleza kwamba wao wako nchi ya baridi, wanafanya kazi ngumu, na wana kinywaji cha ngano kinachowapa nguvu. Huyu ni kama mvuvi wa Mweru kabisa, anayelala ziwani usiku kucha kwenye upepo! Mtume (S.A.W.) alimuuliza jambo moja tu, kama kinalevya. Daylam akasema ndiyo. Akaamrishwa wakiepuke. Baridi haikuwa udhuru, wala ugumu wa kazi.

Swali hilo ndilo la kubeba mfukoni. Ukilishika, Mosi na Simba hazina pa kujificha, wala kachasu, wala vile vifuko vya pombe kali ambavyo Wazambia waliviita tujilijili mpaka serikali yao ikavipiga marufuku mwaka 2012, kama sisi Tanzania tulivyopiga marufuku viroba Machi 2017. Na swali hilo hilo linamlinda mtu asiharamishe kisicho haramu kwa sababu tu kina povu na chupa ya kahawia. Mimi si mufti. Ninachokijua ni kwamba wanazuoni wengi wa zama zetu wamepima kwa kipimo hicho: ambacho hata mtu akinywa kingi hakilevi, si khamr, na wapo waliochukia kinywaji kinachojifananisha na bia. Basi soma lebo. Iliyoandikwa 0.0 si sawa na iliyoandikwa 0.5, na mwenye shaka aache.

Munkoyo ina somo zuri zaidi. Ni uji wa mahindi uliochanganywa na mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi ile huuvunja wanga wa uji kuwa sukari, ndiyo maana hupoa ukiwa mtamu. Ikikaa usiku mmoja ni kinywaji cha watoto na wajawazito. Ikiachwa siku nyingi, chachu huigeuza ile sukari kuwa kilevi, na ndoo ile ile iliyokuwa halali juzi leo inapandisha joto kichwani. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa siku hiyo, na kesho yake, na siku inayofuata hadi jioni, kisha kilichobaki hupewa mwingine au humwagwa. Wanaopika munkoyo wanajua siku ya ngapi inageuka katika joto la kwao. Hiyo ni elimu, na ni wajibu kuitumia.

Sasa tuje kwenye zile kilo 9, maana yule ndugu alikuwa bado ananitazama.

Nilimuuliza anakunywa nini siku hizi. Akasema soda, chupa kubwa, mbili au tatu kwa siku, na maheu ya pakiti mchana. Na zamani? Bia, siku ya malipo na mwisho wa wiki. Mmeona? Bia ilikuwa ya siku chache, soda ni ya kila siku.

Tufanye hesabu, sisi si watu wa vyuo? Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, ya sukari ina 4, ya mafuta ina 9. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi, jumlisha wanga wake, unapata takriban kalori 210. Soda ya mililita 500 yenye sukari gramu 10 au 11 kwa kila mililita 100 ni kama vijiko vya chai 13 vya sukari. Nayo inakupa kalori 200 hadi 220. Yaani ni sawasawa. Tumbo halijui kwamba umetubu! Bia za 0.0 nyingi zina kalori kama nusu ya bia ya kawaida, kwa kuwa kilevi kimetoka. Lakini vile vinywaji vya malt vilivyotiwa sukari, tunavyovipanga kwenye meza ya mgeni rasmi, hukaribia soda. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, ambayo ni kama gramu 25 kwa mtu mzima. Chupa moja ya soda ile imeshapita mara mbili.

Kilo moja ya mafuta ya mwili, kwa hesabu ya jumla, ni kalori 7,700. Kilo 9 zikigawanywa kwa siku 540 ni kalori 128 kwa siku. Hiyo ni nusu chupa ya soda na kidogo juu yake, kila siku, juu ya mahitaji yako. Huhitaji ulafi wa kutisha ili unenepe.

Na wale wanaosema bia iliwakausha? Kilevi huchomwa na mwili kabla ya vingine, na kinapochomwa mafuta husubiri. Hapo bia haimkaushi mtu, inamnenepesha, hasa ikifuatana na samaki wa kukaanga saa sita usiku. Wanaokonda kwa pombe aghalabu ni wale walioacha kula; fedha ya ugali imeishia baa, na ini limeanza kuchoka. Huko si kupungua kwa afya. Shirika hilo hilo lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kwa afya.

Basi kuna swali la pili la kubeba, baada ya lile la "je, kinalevya?" Nalo ni la Suratul A'raf aya ya 31, tulikoruhusiwa kula na kunywa tukakatazwa israfu. Na Miqdam bin Ma'dikarib amepokea ile hadithi ya Tirmidhi kuhusu tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Sisi tumelishika swali la kwanza kwa meno, la pili tumelisahau. Jumuiya yetu wenyewe, na mimi nilikuwemo kwenye kamati, ilifuturisha mwaka jana kwa kreti za soda zilizozidi idadi ya watu, kisha tukaswali Tarawehe huku tunacheua.

Nikadhani nimemaliza. Yule ndugu akasema neno ambalo sikulitarajia. Alisema soda haikuwa kiu. Chisense huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hulala ufukweni, kazi hakuna, na watu wote wako baa. Na kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, ni hivyo hivyo. Yeye alikuwa akienda kukaa na wenzake kwa sababu hana pengine pa kukaa, na mtu hakai baa bila chupa mbele yake. Soda ilikuwa kodi ya kiti.

Hapo niliona kosa langu halikuwa la kitambi tu. Mnajua katazo la kukaa kwenye meza inayozungushiwa pombe. Nililijua na mimi, na nilimfikishia. Lakini nilimtoa mtu kwenye meza yake ya miaka 12 bila kumwekea meza nyingine. Bukhari amepokea habari ya yule Swahaba aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi, mtu mmoja akamlaani, na Mtume (S.A.W.) akakataza asilaaniwe, akisema kwamba anampenda Allah na Mtume Wake. Aliadhibiwa na bado alibaki ndani ya jamaa, ana watu wa kukaa nao. Je, mwenzako wa bwenini aliyeacha bia muhula uliopita, Ijumaa usiku anakaa na nani?

Kumwambia anywe maji tu nako kulihitaji adabu. Maji ya Mweru hayanywewi hivi hivi. Kambi za wavuvi zimeshaonja kipindupindu, na mtu anayenunua soda pale mara nyingine ananunua maji yasiyo na ugonjwa. Kwa hiyo tulikubaliana mambo madogo. Mjomba aliweka pipa la maji yaliyotiwa klorini nje ya duka, na birika la chai ya rangi kila baada ya Isha, sukari mtu ajitilie mwenyewe, na mikeka. Usiku wa kwanza wa mbalamwezi walikuja wanne. Wa pili walikuja tisa, wawili kati yao si Waislamu, nao walikaa mpaka birika likaisha.

Siku ya kuondoka yule ndugu alinijia na dumu dogo la munkoyo. Kabla sijanyoosha mkono akaniwahi.

"Ina usiku mmoja tu, mwalimu."

Tukanywa kikombe kimoja kimoja, iliyobaki akawapelekea watoto. Habari ya kilo hakuitaja, nami sikuuliza.

Wabillahi tawfiq.