Mtu wa Ituri mjini Gent

Leo namuwaza kijana wetu wa Bunia anayetembea peke yake Gent, mji wa kale wa Ubelgiji wenye mifereji. Ataona nyumba za kando ya maji za Graslei, na mchoro wa ndugu wawili wa ukoo wa Van Eyck wa mwaka 1432. Ni vizuri kweli. Ila apite pia bustani ya Zuidpark, palipokuwa na sanamu ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo. Watu waliimwagia rangi nyekundu, wakaifunika kichwa kwa kitambaa. Mji ukaiondoa tarehe 30 Juni 2020, Kongo ikitimiza miaka 60 ya uhuru. Chini ya ukoloni wa Ubelgiji, babu zetu wa Ituri walichimba dhahabu ya migodi ya Kilo-Moto kwa faida ya wengine. Kijana huyo asimame hapo, aulize maswali yake kwa sauti.