Je, Wingi wa Kutajwa Ni Mizani ya Mtaalamu?

Limezuka katika zama zetu suali ambalo laonekana kuwa ni la wakubwa wa vyuo vikuu peke yao, kumbe lamhusu kila mwenye kusomesha mtoto na kila mwenye kupita juu ya daraja: mtaalamu wa uhandisi hujulikanaje kuwa ni bora kuliko mwenziwe? Jawabu ipendwayo leo ni fupi. Huhesabiwa ni mara ngapi maandishi yake yametajwa na waandishi wengine. Aliyetajwa sana huwekwa mbele, na aliyetajwa kidogo huwekwa nyuma. Sisi twasema kuwa hesabu hiyo ina faida yake, lakini kuifanya ndiyo hukumu ni dhulma.

Kwanza na tuijue asili yake. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza ifanywe fahirisi ya kuonyesha kila makala ya kisayansi imetajwa na makala gani zilizokuja baada yake, na mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ikaitoa. Muradi ulikuwa kumsaidia msomaji afuate nyayo za elimu: ajue ni nani aliyejenga juu ya rai fulani, na ni nani aliyeikosoa. Kisha mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akaleta kipimo cha mtu mmoja mmoja: mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 20, hupewa namba 20. Na mwaka 2019 John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenziwe wakachapisha orodha ya wataalamu 100,000, wamepangwa kwa kuchanganya vipimo sita vya kutajwa. Leo vyuo vikuu, vya Kenya vikiwamo, hutangaza kwa fahari majina ya walimu wao waliomo katika orodha kama hizo.

Hatukatai faida. Mahali ambapo vyeo hutolewa kwa ujamaa na kujuana, namba yaweza kumtetea mnyonge asiye na mtu wa kumsemea. Na waliotunga orodha ya mwaka 2019 walionyesha daraja ya kila mtu miongoni mwa wenzi wa tawi lake, kwani matabibu hutajana kuliko wahandisi. Wakaonyesha pia hesabu ilivyo ukiondoa mtu kujitaja mwenyewe. Huo ni uadilifu, nao wastahili kushukuriwa.

Lakini kipimo hiki kina kasoro tatu.

Ya kwanza, kutajwa si kusifiwa. Aliyekosea, na watu mia wakaandika kumsahihisha, amehesabiwa mara mia, sawasawa na aliyefuatwa na watu mia.

Ya pili, kazi nyingi zenye manufaa hazimo ndani yake. Kwa kipimo cha Hirsch, mwandishi wa makala 3 hapiti namba 3, hata kila moja ikitajwa mara 5,000. Na uhandisi si karatasi tu. Jack Kilby aliunda mwaka 1958, katika kampuni moja ya Texas, kipande kidogo kilichokusanya pamoja sehemu za umeme zilizokuwa mbalimbali; katika asili hiyo zikatoka kompyuta na simu za leo, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, alibuni namna ya kusimamisha majumba marefu, likiwamo lile la ghorofa 110 la Chicago, na akashiriki kuyasanifu yale mahema makubwa ya uwanja wa ndege wa Jeddah yanayowatia kivulini mahujaji wetu. Hapana fahirisi inayohesabu kivuli hicho.

Ya tatu, na ndiyo nzito, ni kuwa kipimo kikishakuwa mlango wa cheo na mali, huharibu tabia za wapimwao. Wako wanaojitaja wenyewe kupita kiasi, na wako wanaopatana: nitaje nami nikutaje. Mwaka 2011 jarida la Science liliandika kuwa baadhi ya vyuo vikuu vya Saudia vilikuwa vikiwalipa wataalamu mashuhuri wa nchi nyingine kwa kazi ya muda mfupi katika mwaka, ili jina la chuo liandikwe pamoja na lao. Na mwaka 2023 kampuni ya Clarivate, itoayo orodha ya watajwao zaidi, iliacha nje majina zaidi ya 1,000 kwa shaka ya namna hii. Mwenye kuongeza uzito wa mizani kwa kidole chake ni mwizi, awe sokoni au chuoni.

Jambo hili si geni kwetu. Wanavyuoni wa Hadithi hawakutosheka na wingi wa njia. Walimpima kila mpokezi kwa ukweli wake na hifadhi yake, wakasema wazi nani wa kutegemewa na nani dhaifu. Njia nyingi za waongo hazikuwa hoja kwao.

Huenda mtu akauliza: basi tupime kwa nini? Twajibu: kazi isomwe na wenye kuijua. Wataalamu wenyewe wamesema haya. Azimio lililoanzia San Francisco mwaka 2012, na waraka wa Leiden wa mwaka 2015, yote mawili yataka kazi yenyewe ipimwe, namba iwe msaada wa hukumu ya wajuzi wala isikae mahali pake. Ni taabu, naam, kwani kuhesabu ni kazi ya saa moja na kusoma ni kazi ya siku nyingi. Lakini anayepewa amana ya kuchagua watu hana ruhusa ya kukimbia taabu hiyo.

Nasi wazazi, tutangaziwapo kuwa chuo fulani kina walimu waliomo katika orodha, tuulize na hili: wanafunzi wao wamejifunza nini, na walichokijenga kimesimama?