Ukuu wa Mpigana Ngumi Hupimwa kwa Nini?

Jioni moja, hapa Kawajense, tulisikia vijana wakibishana kwa sauti kuu chini ya mwembe. Tulidhani ni ugomvi, tukasogea tuwaamue. Kumbe walikuwa wakishindania habari za wapigana ngumi wawili wa Kenya, Philip Waruinge na Robert Wangila, ni nani kati yao aliyekuwa mkuu zaidi. Mmoja wao alikuwa amefunga vitambaa mikononi, na juu ya tawi ametundika gunia la pumba alilokuwa akilipiga kwa mazoezi. Walipotuona wakatuamkia, wakasema, "Shikamooni, walimu. Tuamulieni ninyi mliosoma." Jioni ile hatukuwajibu, maana swali lilituzidi. Leo twajaribu kulijibu, ili na wasomaji wetu walifikiri pamoja nasi.

Kwanza yafaa tuwaeleze habari zao wasiozijua. Waruinge alikuwa mtu mwepesi, wa uzani wa kilo 57. Alipata nishani ya dhahabu katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston mwaka 1966, na tena huko Edinburgh mwaka 1970. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, alipata shaba. Na katika ile ya Munich, mwaka 1972, alipata fedha. Baadaye alikwenda Japani kupigana kwa malipo, walakini ubingwa wa dunia hakuupata. Alifariki mwaka 2022, naye ni mzee.

Wangila alikuwa mzito kuliko yeye, wa uzani wa kilo 67. Mwaka 1988, huko Seoul, katika pambano la mwisho, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, akapata dhahabu ya Olimpiki. Na mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeipata kwa ngumi. Naye akaenda Marekani kupigana kwa malipo. Julai 1994 alipambana na David Gonzalez katika mji wa Las Vegas. Katika raundi ya tisa mwamuzi akalisimamisha pambano. Wangila hakuridhika, akateta. Muda si mrefu akazimia katika chumba cha kuvalia, wala hakuzinduka tena. Alikufa akiwa na umri wa miaka 26.

Basi, wako wasemao, "Dhahabu ni dhahabu. Wangila alishika kile ambacho Waruinge alikitafuta asikipate. Maneno yameisha." Na wako wasemao, "La, mtu hupimwa kwa miaka. Waruinge alisimama mbele ya mabingwa tangu Kingston hata Munich, wala hawakuweza kumsahau." Sisi twaona ya kwamba pande zote mbili zasema kweli, ila hazizungumzi habari moja. Debe hupima mpunga, na yadi hupima nguo. Mwenye debe akibishana na mwenye yadi, watakesha. Mkulima mmoja aweza kuvuna magunia mengi mwaka mmoja, hata kijiji kizima kikastaajabu. Na mwingine aweza kulisha nyumba yake miaka ishirini pasipo njaa. Wote wawili twawaita wakulima hodari, lakini sifa zao si moja.

Tena kuna jambo lililotokea Mexico ambalo latufaa sana katika shauri hili. Waruinge alishindwa na Antonio Roldán, mwenyeji wa nchi ile, kwa kura 3 kwa 2, naye Roldán akaendelea mpaka akaitwaa dhahabu. Lakini katika michezo hiyo kilitolewa pia Kikombe cha Val Barker, ambacho alipewa mpigana ngumi aliyeonyesha ustadi bora kuliko wote. Mwaka ule kilipewa Waruinge, mtu wa shaba! Twaona basi ya kwamba hata wakuu wa mchezo wenyewe walikiri kwamba nishani ni kitu kimoja, na ubora ni kitu kingine. Nishani yaonyesha nani alishinda siku ile. Haionyeshi yote yaliyomo ndani ya mtu.

Labda msomaji atauliza, "Je, mwampa Waruinge ukuu?" Kwa ustadi, ndiyo, twampa. Kwa tendo moja kuu, twampa Wangila. Lakini kwa habari ya miaka hatuthubutu kuwalinganisha, maana Wangila hakupewa miaka. Kumpima kijana aliyekufa kwa kipimo cha mzee si haki. Ni kama kulaumu mti uliokatwa kwa kuwa haukuzaa tena.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Jioni ile chini ya mwembe, yule kijana mwenye vitambaa mikononi alisema, "Mimi namchagua Wangila, kwa sababu hakukubali kukoma." Wenzake wakamshangilia. Nasi, twakiri, mioyo yetu ilishangilia pamoja nao, maana neno lile lina utamu. Tulipofika nyumbani tu ndipo tulipoogopa. Wazee wetu walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Kwa kawaida twalitumia neno hilo kumkanya mtu mwenye hasira baada ya mchezo, lakini katika mchezo wa ngumi lina uzito wa uhai na mauti. Aliyepigwa kichwani hawezi kuliona jeraha lililo ndani. Nguvu zake bado ziko, moyo wake wamwambia aendelee, naye asema kweli jinsi aionavyo. Hatumlaumu Wangila hata kidogo kwa kuteta. Shujaa gani asingeteta? Tena pengine dhara lilikuwa limekwisha kumpata kabla hajasimamishwa. Lakini sisi tulioketi mbali, tusiopigwa, twawezaje kuufanya uchungu ule kuwa sifa yake kuu?

Twaona ya kwamba sifa zetu si maneno matupu. Kijana hujijenga kwa kadiri ya yale ayasikiayo yakisifiwa. Tukimsifu bingwa kwa ustadi wake, kijana atajifunza kukwepa, kupumua, kuamka mapema na kutii mwalimu wake. Tukimsifu kwa kuwa hakukubali kukoma, atajifunza neno moja tu, nalo litamponza siku ambayo hana mwamuzi mwema karibu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mpigana ngumi akisifiwa vibaya, aweza kutia damu yake. Basi anayeuliza "Nani mkuu?" ajue ya kwamba jibu lake litasikiwa na mtu aliye na vitambaa mikononi.

Kwa hiyo jibu letu kwa vijana wa mwembe ni hili. Mkumbukeni Wangila kwa ile raundi ya pili ya Seoul, wala si kwa ile ya tisa ya Las Vegas. Mkumbukeni Waruinge kwa kikombe alichopewa katika michezo ambayo alishindwa. Na mkitaka kumtaja mtu wa tatu, mtajeni mwamuzi anyanyuaye mkono wake kusema "Basi," huku mwenye kupigwa akimteta. Maana hakuna nishani ya kazi hiyo.

Juzi tulipita tena chini ya ule mwembe. Gunia lilikuwa bado limetundikwa, na yule kijana alikuwa akilipiga. Tulimwuliza, "Ukichoka, nani atakuambia uache?" Akacheka kidogo, akatazama huku na huku, kisha akasema, "Bado sina mtu, mwalimu." Tangu siku ile tumepatana kupokezana, ili kila jioni mmoja wetu akae karibu naye.