Maji ya Mgeni

Hebu tujiulize. Sufuria ya nyama na ndizi imechemka polepole tangu asubuhi. Mgeni anabisha hodi, mama anaongeza maji. Huo ni ukarimu au udanganyifu?

Wapo wanaosema ni udanganyifu, eti mgeni anapewa maji yenye harufu ya nyama. Mimi sikubali. Huku kwetu Bukoba na Muleba swali hili si la mzaha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa Kagera mwaka 1983, na baada ya hapo mabibi wengi walibaki na wajukuu yatima. Yatima naye alikuja kama mgeni, ila huyu hakuwa na pa kurudi. Nusu kilo ya nyama, nyanya chungu chache, ndizi za kibanjani, midomo minane! Bila maji ya ziada, bibi angemfukuza nani?

Lakini ukarimu una masharti. Maji yakiongezwa, kuni nazo ziongezwe, mchuzi uchemke upya mpaka ukolee. Halafu upawa usibague. Ukimchotea mwanao minofu ya chini, yatima ukamwachia mchuzi wa juu, hapo ndipo uongo ulipo. Mchuzi mwepesi uliogawanywa sawa hauna aibu yoyote.