Haki ya Mtu Tusiyempenda

Tuseme kuku watatu wamepotea kijijini. Kapita anaijua nyumba moja ambamo vijana hukutana kunywa pombe, na watu wengi hawaipendi nyumba ile. Usiku anaingia na walinzi wake, anawalaza wote kifudifudi, anapekua mifuko yao. Hapati kuku, hapati hata unyoya. Anakwenda zake bila kusema pole. Kesho yake watu wanasikia habari hiyo, nao wanacheka: «Walikuwa wanatafuta nini mahali kama pale?»

Wasomaji wapenzi, neno hilo twalisikia mara nyingi, na pengine sisi wenyewe tumelisema. Leo twataka kulipima. Je, mtu akionekana mahali tusipopapenda, au akiwa na mwenendo tusiousifu, amepoteza haki yake? Ili tusiongee hewani, tutazame jambo moja lililotokea kweli, likapelekwa mbele ya mahakimu, likachukua miaka mingi.

Katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, huko Marekani, palikuwa na baa iitwayo Atlanta Eagle. Waliofika pale walikuwa hasa wanaume wapendao wanaume wenzao. Siku nyingine wachezaji walicheza mbele ya wateja wakivaa nguo za ndani tu. Wakubwa wa mji walipata malalamiko kwamba mambo ya aibu yanafanyika mle hadharani, na kwamba dawa za kulevya zinauzwa. Polisi wakatuma watu wao waliovaa kiraia ili wachunguze.

Tarehe 10 Septemba 2009, usiku, polisi wengi waliingia kwa nguvu. Waliwaamuru wateja 62 walale chini. Waliwapekua, wakatwaa vitambulisho vyao, wakatafuta majina yao katika orodha za wahalifu. Hawakuwa na hati ya hakimu. Dawa za kulevya hawakuzipata. Kati ya wale wateja 62 hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa. Waliokamatwa ni watu wanane wa baa, wachezaji na wasimamizi, kwa shitaka la kucheza vile bila kibali cha mji. Mwezi wa Machi 2010 kesi yao ilisikilizwa, na kati ya waliofika kujibu hakuna aliyeonekana na hatia.

Wateja nao waliushtaki mji, na mwezi wa Desemba 2010 mji ulikubali kulipa dola 1,025,000 na kubadili kanuni za polisi wake.

Sasa tufikiri pamoja.

Kwanza, kuwepo mahali si kosa. Tangu mwaka 1791 sheria kuu ya Marekani inakataza kumpekua mtu bila sababu ya haki. Mwaka 1979 mahakama kuu ya nchi ile iliamua kesi ya Ybarra. Polisi walikuwa na hati ya kupekua baa moja ya mji wa Aurora, katika jimbo la Illinois, pamoja na mhudumu wake. Wakawapekua na wateja waliokuwamo, na katika mfuko wa mmoja wakakuta heroini kweli. Hata hivyo mahakama ilisema kwamba upekuzi ule haukuwa halali, kwani hati haikumtaja mtu yule, wala polisi hawakuwa na sababu ya kumshuku yeye mwenyewe. Tuangalie vema: yule alikuwa na kitu kibaya mfukoni, na bado haki yake ililindwa. Wale wa Atlanta hawakukutwa na kitu, na hati haikuwapo kabisa.

Kosa ni la mtu mmoja mmoja, kama vile dhambi ilivyo ya mtu mmoja mmoja. Mwalimu anayechapa darasa zima kwa sababu ya mtoto mmoja aliyepiga mluzi hafundishi adabu. Anawafundisha watoto kwamba mwenye nguvu hana haja ya kujua kweli.

Pili, sheria ya watu si fimbo ya kupigia kila tabia. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya wanadamu haikatazi maovu yote. Inakataza yaliyo makubwa zaidi, na hasa yale yanayowadhuru wengine, ambayo jamii haiwezi kudumu yasipozuiwa. Hakusema hivyo kwa kuupenda uovu. Alijua kwamba serikali ikitaka kusafisha kila moyo kwa nguvu, itazaa maovu mabaya kuliko yale iliyoyafukuza. Na kuhusu wanaume wale hasa, Katekisimu ya mwaka 1992 yaagiza wapokelewe kwa heshima, wala wasitengwe bila haki. Mkristo asimtumie polisi kutimiza chuki yake.

Mtu atajibu: «Lakini kazi ya polisi ni ngumu. Mkiwafunga mikono, wahalifu watatucheka.» Neno hilo lina uzito, tusilidharau. Polisi walipewa malalamiko, na haki yao kuyachunguza. Lakini kama kweli watu wao waliona kosa mle ndani, wangeweza kumtaja aliyelifanya, kwenda kwa hakimu, kuomba hati, na kumshtaki huyo. Njia ilikuwa wazi, na sheria haikuwazuia kuifuata. Ilitaka tu waseme: tunamshuku nani, na kwa sababu gani. Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili bado hajui analotafuta.

Tatu, aliyedhulumu hana budi kurudisha. Hapa ndipo habari za Atlanta zinapotufundisha zaidi. Twajua katika katekisimu kwamba mwizi haondolewi deni lake kwa kujuta tu. Arudishe mali ya watu. Lakini aliyemlaza mtu sakafuni mbele ya wenzake amechukua nini, na atarudishaje? Fedha hulipa sehemu. Heshima hairudi kwa fedha peke yake; hurudi kweli inaposemwa mbele ya wote.

Kusema kweli kulikuwa kugumu kuliko kulipa. Mwaka 2011 wachunguzi kutoka nje ya polisi walitoa taarifa ndefu juu ya usiku ule. Walionyesha kwamba haki za watu zilivunjwa, na kwamba baadhi ya polisi walisema uongo, na ushahidi mwingine ulifutwa. Mwaka huohuo polisi sita walifukuzwa kazi. Kikosi kilichoitwa Red Dog, ambacho nacho kilikuwa katika uvamizi ule, kilivunjwa mwezi wa Februari 2011.

Je, mambo yakaisha? Hayakuisha. Mji uliahidi mbele ya hakimu kwamba utawafundisha polisi wake wasimzuie wala kumpekua mtu bila sababu, na wavae majina yao yakionekana. Lakini mwaka 2015 hakimu alikuta kwamba ahadi hazikutimizwa kama ilivyoagizwa, akautia mji hatiani kwa kutotii amri ya mahakama. Miaka karibu sita ilikuwa imepita tangu usiku ule. Kurudisha ni kazi ndefu, kwa sababu mazoea mabaya hayatoki kwa karatasi iliyotiwa sahihi.

Yafaa tutazame na jambo lingine. Fedha zile zilitoka wapi? Zilitoka katika sanduku la mji, yaani katika kodi za raia. Kwa hiyo akina mama wauza mboga, wafagiaji wa barabara, hata wale waliocheka waliposikia habari, wote walilipa. Mtu atasema kwamba hilo si haki, na twamwelewa. Lakini polisi hufanya kazi kwa jina la mji mzima. Mji ukinyamaza wanapowadhulumu wasiopendwa, deni linakuwa la mji mzima.

Basi turudi kijijini kwetu. Kumtetea rafiki yetu aliyeonewa si shida. Damu yenyewe inatusukuma. Lakini wema huo hata wasio waadilifu wanao. Haki hujulikana kuwa haki inapomfikia yule ambaye hatuna faida kwake, ambaye nyumba yake hatuingii, ambaye jina lake likitajwa tunatikisa kichwa.

Safari nyingine tukisikia kwamba fulani amepigwa, au amevuliwa heshima mbele ya watu, tusianze kuuliza: «Alikuwa mtu wa namna gani?» Tuulize kwanza: «Alifanya kosa gani? Nani alishuhudia? Hakimu alisema nini?» Na tukikosa jibu, tukamwambie kapita kwamba amekosa, hata kama tutakuwa peke yetu mbele ya mlango wake. Kisha twende katika nyumba ile tusiyoipenda, tuwape pole waliomo.