Doa Lisilofutika kwa Kitambaa

Picha aliyoitaka ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuipata: jua la jioni limekaa katikati ya maghorofa pacha ya PSPF, na pantoni inakatiza mbele yake. Mnunuzi alishapatikana. Hoteli moja ilitaka kupamba ukuta mzima wa mapokezi kwa picha mbili kubwa, jiji la Dar es Salaam wakati wa machweo na jiji hilohilo usiku, na malipo ya awali yalikuwa yameshaingia kwenye simu yake. Mpiga picha huyo ni kijana ninayemfahamu. Jina lake nalihifadhi, lakini ameniruhusu nisimulie yaliyompata, maana anasema laiti mtu angemsimulia mapema, asingefika alipofika.

Wapiga picha wa Dar wanajua kwa nini watu huvuka kwenda Kigamboni jioni. Katikati ya jiji iko magharibi mwa mlango wa bandari, kwa hiyo ukisimama ng'ambo, jua linatua nyuma ya maghorofa. Katikati ya mwaka linatua upande wa kaskazini kidogo ya magharibi, na mwisho wa mwaka linahamia kusini. Ndiyo maana anayetaka lipite kwenye mwanya fulani kati ya majengo lazima achague tarehe yake, kisha ahamehame ufukweni hadi mstari ukae sawa. Kijana wetu alifanya yote hayo. Alikuwa na programu ya simu inayoonyesha njia ya jua, betri za akiba, memori kadi mbili, na stendi aliyoining'inizia mfuko wa mchanga isitikiswe na upepo wa kusi. Nasema haya ili msomaji asije akadhani namzungumzia mzembe. Alijiandaa kuliko wengi wetu tunavyojiandaa.

Kuna hesabu moja tu hakuifanya, na sijui ni wangapi kati yetu huifanya. Jua lililo kati ya maghorofa ni jua ambalo bado halijazama. Majengo yale yana urefu wa mita 150 hivi. Ukiyatazama kutoka umbali wa kilomita moja na nusu, vilele vyake vinakuwa nyuzi tano na zaidi juu ya upeo wa macho. Huku kwetu karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima, nyuzi 13 au 14 kwa saa. Maana yake ni kwamba jua likigusa vilele vile, limebakiza zaidi ya dakika 20 kuzama. Mwezi ule wa Juni, ambapo Dar jua linazama kama saa kumi na mbili na robo, hiyo ni saa kumi na mbili kasoro. Wakati huo jua bado ni la manjano, wala halijawa jekundu. Na kwa kuwa masika yalikuwa yamepita na kuiosha hewa, hapakuwa na vumbi wala moshi wa kulifunika.

Sasa weka hapo lenzi ya milimita 400. Watu huipenda lenzi ndefu kwa sababu hulikuza jua: kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50 jua ni kitone cha nusu milimita kwenye sensa, na kwa ile ndefu linakaribia milimita nne. Lakini lenzi hiyo ina mdomo mpana, nayo hukusanya mwanga wote unaoingia na kuupeleka sehemu moja. Watoto wanaounguza karatasi kwa kioo cha miwani ya babu yao wanaijua kanuni hii bila kufundishwa. Kamera yake ilikuwa ya aina yenye kioo ndani, ambamo mwanga hutoka kwenye lenzi, unadunda kwenye kioo, unapanda hadi kwenye kitundu cha kutazamia na kuingia moja kwa moja jichoni. Hapo katikati hapana pazia lolote.

Basi akaliweka jicho la kulia kwenye kitundu na kulisindikiza jua likishuka. Jua husogea kwa upana wake wote katika dakika mbili na kidogo, na yeye alitaka likae katikati ya minara miwili bila kuegemea upande. Angebandua vipi jicho? Ningekuwa mimi, nimeshapokea pesa ya watu na pantoni ndiyo hiyo inang'oa nanga, sina hakika kama ningebandua la kwangu.

Dalili hazikukosekana. Ya kwanza ilikuwa nyumbani, ndani ya boksi la kamera. Vitabu vya maelekezo ya kamera za namna hii huonya waziwazi kwamba usitazame jua kupitia kitundu cha kutazamia. Onyo hilo huwa kwenye kurasa za mwanzo, zile tunazozipita haraka tukitafuta jinsi ya kuchaji betri.

Ya pili ilitoka kwa mdogo wake aliyekuja kumshikia vifaa.

"Kaka, jicho linakutoka machozi."

"Upepo tu huo, dogo. We shika stendi."

Ya tatu ilitoka kwa mzee mvuvi aliyekuwa ameketi kando ya mtumbwi akitengeneza wavu. Kijana alikuwa amemwamkia alipofika, na mzee akawa anamwangalia muda wote.

"Mwanangu, unatafuta nini humo ndani ya jua?"

"Napiga picha tu, mzee wangu. Linazama sasa hivi."

"Halijazama hilo. Likizama mimi nitakwambia."

Mzee yule maisha yake yote ameyapitisha baharini, jua usoni asubuhi na jioni. Alikuwa akimpa kijana kanuni yote ya usalama kwa maneno machache, na bila malipo. Kijana alicheka kwa adabu, akarudi kwenye kitundu.

Jua lilipokwisha kupita, aliona duara la kijani likielea mbele yake. Sote tunalijua duara hilo. Ukitazama taa kali kisha ukafumba macho, linakuja, na baada ya dakika chache linaondoka. Lake halikuondoka. Lilibadilika rangi likawa zambarau, halafu kijivu, likatulia. Hapo ndipo alipopaswa kuketi chini na kujiuliza. Lakini wakati mzuri kuliko wote wa kupiga picha ya jiji ulikuwa unaingia: dakika 15 hadi 25 baada ya jua kuzama, anga ikiwa bado na bluu na taa za madirisha zimeshawaka. Kwetu muda huu ni mfupi sana. Anayefuata mafunzo ya watu wa Ulaya, ambako kigiza cha jioni huvuta hadi saa nzima wakati wa kiangazi, hujikuta anapiga picha ya mbingu nyeusi tii. Kijana alilijua hilo, akakimbilia kubadilisha lenzi.

Kwa lenzi pana aliliona jiji lote, kuanzia soko la Feri hadi kule kwenye maghorofa, na mnara wa kanisa la Azania Front ambao Wajerumani waliujenga. Na katikati ya yote aliona doa. Akatoa kitambaa, akafuta lenzi. Doa lipo. Akafuta kioo cha kitundu, akapuliza, akafuta tena. Lipo. Akaitoa lenzi na kuimulika sensa kwa tochi ya simu, akitafuta chembe ya vumbi, akaona safi. Akapiga picha, akaitazama kwenye skrini ya nyuma, na doa likawa pale pale, kwenye jengo lolote alilolikazia macho. Alipotazama pantoni, lilihamia kwenye pantoni. Alipomtazama mdogo wake, lilimfunika pua.

Mtu angedhani hapo angeelewa. Nimelifikiria sana jambo hili, na nadhani ndiyo hatari ya kazi ya vifaa: tumezoea kwamba kosa liko kwenye kifaa. Tunakagua lenzi, tunakagua kadi, tunalaumu betri. Jicho hatulikagui. Jaribio lenyewe halikuhitaji hata sekunde tano. Angefumba la kulia akatazama kwa la kushoto, doa lingetoweka, na angejua.

Usiku ule aliendelea kupiga hadi karibu saa mbili, akifokasi kwa mkono kupitia jicho lililokuwa na tundu katikati. Ndani ya daladala akafungua ujumbe wa mama yake, na herufi za kati za kila neno hazikuonekana. Akasema ni uchovu, akalala.

Wala si kwamba hatujawahi kuonywa kuhusu jua. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na watu wakakusanyika Rujewa, Mbeya, kila aliyetaka kutazama alihimizwa avae miwani maalumu. Tulilichukulia onyo lile kwa uzito kwa sababu kupatwa kwa jua ni jambo la ajabu. Machweo ni ya kila siku, na sisi tunaamini cha kila siku hakidhuru. Tena jua la jioni lina hila yake. Mchana wa saa saba hakuna awezaye kulikazia macho, kwa kuwa jicho lenyewe linakataa. Jioni mwanga ukipungua, mboni inapanuka na kope hazistuki, nasi tunadhani tumepewa ruhusa.

Ndugu yangu mwenye kamera, si lazima uiache picha hii. Panga fremu yako kabla jua halijaingia ndani yake, funga stendi, kisha tumia skrini ya nyuma badala ya kitundu, na uifunike lenzi kwa kofia yako kati ya picha moja na nyingine, kwa sababu hata sensa huungua. Kamera mpya zisizo na kioo ndani hukuonyesha picha ya kielektroniki, kwa hiyo jicho linapona, lakini sensa na shata vinabaki hatarini. Vichujio vyeusi vya kawaida vya kupunguza mwanga visikudanganye: vingi hupitisha mionzi ya infraredi usiyoiona. Kichujio cha jua lazima kiwe kimetengenezwa kwa kazi hiyo, na kinakaa mbele ya lenzi. Anayevaa miwani ya kupatwa kwa jua kisha akachungulia kwenye kitundu amejiweka pabaya zaidi, kwani mwanga uliokusanywa na lenzi unaweza kuiharibu miwani hiyo na kufika jichoni.

Turudi kwa kijana wetu. Picha zenyewe hazikutoka. Jua lilikuwa bado kali mno, likaungua kwenye picha na kuwa duara jeupe lisilo na rangi, na maghorofa yakawa vivuli vyeusi. Zile za usiku nyingi zilikosa fokasi. Pesa ya hoteli aliirudisha kidogo kidogo.

Asubuhi iliyofuata usiku ule alikwenda duka la dawa, akasema ana vumbi jichoni, akauziwa matone ya mzio. Aliyatumia siku kadhaa huku akisubiri doa lioshwe. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hauhisi maumivu, kwa hiyo hakuna kilichomuuma na hakuna kilichomharakisha. Hatimaye akamwona daktari wa macho, akapewa karatasi yenye mirabamraba na nukta katikati. Kwa jicho la kushoto mistari ilinyooka. Kwa la kulia ilipinda ikielekea kwenye nukta, na nukta yenyewe haikuwepo.

Jeraha hili la retina iliyounguzwa na jua halina dawa iliyothibitika. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki au miezi, na baadhi hubaki na kovu. Lake limepungua, ila bado anatazamia kwa jicho la kushoto, na namba ndogo kwenye risiti anamwomba mdogo wake amsomee. Likikutokea wewe, nenda kwa daktari wa macho mapema, usianze na matone ya kubahatisha, na umweleze ulitazama kwa lenzi gani na kwa muda gani. Kijana alipoulizwa mara ya kwanza kama alitazama jua, alijibu hapana, na hakuwa akidanganya; akilini mwake alikuwa ametazama kamera. Daktari alilijua tatizo pale tu alipomuuliza anafanya kazi gani.